Nyimbo zote za The Beatles: mwongozo kamili wa kukusanya rekodi 217 bila pengo wala marudio

Ukimuuliza mwenye mkusanyo wa The Beatles anazo nyimbo ngapi, atakujibu 213, au 217, au hata 226, na huenda yote ni kweli. Inategemea alichohesabu: majina ya nyimbo, rekodi zenyewe, au mistari iliyochapwa nyuma ya majalada. Wengi hukwama kwa sababu wanahesabu majina. Hesabu rekodi, yaani kila tukio la studio lililotolewa kama wimbo, na fundo kubwa litakuwa limefunguka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kupata kila wimbo ambao kundi hili la Liverpool lilitoa rasmi kati ya Oktoba 1962 na Mei 1970, kuupanga, na kujua kwa hakika ni toleo lipi liko mkononi mwake. Andaa hedifoni nzuri za waya, kwa kuwa tofauti nyingi utazigundua kwa kulinganisha sikio la kushoto na la kulia, jambo ambalo spika ya simu haiwezi. Weka Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye kompyuta. Ni ya bure. Tenga nafasi ya GB 10. Fungua jedwali lenye safu sita: jina, albamu, mwaka, mono au stereo (mono ni sauti ile ile masikio yote mawili, stereo hugawa sauti kushoto na kulia), chanzo, urefu. Safu ya urefu usiidharau, itakuokoa mara kadhaa huko mbele.

Hatua ya 1: Anzia Uingereza

Miaka ile albamu ya Uingereza ilikuwa na nyimbo 14 kwa kawaida. Kampuni ya Capitol, iliyouza santuri hizo Marekani, ilizipunguza hadi 11 au 12, ikachukua zilizobaki, ikachanganya na nyimbo za singo (santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande), ikatengeneza albamu za ziada ambazo Uingereza hazikuwahi kuwepo. Revolver ya Marekani ina nyimbo 11 tu, kwa sababu tatu za John Lennon (I'm Only Sleeping, And Your Bird Can Sing na Doctor Robert) zilikuwa zimeshatumika katika Yesterday and Today ya Juni 1966. Rubber Soul yao haina Drive My Car wala Nowhere Man, lakini imepachikwa nyimbo mbili zilizotoka kwenye Help! ya Uingereza. Zaidi ya hapo, Capitol waliongeza mwangwi kwenye baadhi ya nyimbo, na nyingine wakazifanya stereo ya bandia: sauti ile ile imegawanywa, upande mmoja besi nyingi, upande wa pili sauti nyembamba, na kuchelewa kidogo katikati. Ukisikia wimbo wa 1964 kana kwamba unapigwa ndani ya tangi la maji, umepata mojawapo.

Anayeanza na albamu za Marekani hupata marudio na mapengo kwa pamoja, na kuyarekebisha ni kazi ndefu kuliko kuanza upya. Kuanzia 1987, CD zilipotoka, orodha ya Uingereza ndiyo ikawa orodha ya dunia nzima. Mgeni mmoja tu aliruhusiwa kuingia: Magical Mystery Tour, albamu ya Marekani. Andika hivi kwenye jedwali lako:

Please Please Me, 22 Machi 1963: 14
With the Beatles, 22 Novemba 1963: 14
A Hard Day's Night, 10 Julai 1964: 13
Beatles for Sale, 4 Desemba 1964: 14
Help!, 6 Agosti 1965: 14
Rubber Soul, 3 Desemba 1965: 14
Revolver, 5 Agosti 1966: 14
Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, Mei 1967: 13
Magical Mystery Tour, Novemba 1967: 11
The Beatles, yaani ile albamu nyeupe, 22 Novemba 1968: 30
Yellow Submarine, 17 Januari 1969: 13
Abbey Road, 26 Septemba 1969: 17
Let It Be, 8 Mei 1970: 12
Past Masters, mkusanyiko wa rekodi zisizomo kwenye albamu hizo, sehemu mbili, 1988: 33

Jumla ni 226. Bado si idadi ya rekodi za The Beatles.

Hatua ya 2: Toa visivyohusika, ziba mapengo

Upande wa pili wa Yellow Submarine una vipande saba vya okestra ya George Martin, mtayarishaji wao. Ni muziki wa filamu, na The Beatles hawamo. Kati ya nyimbo sita za upande wa kwanza, mbili (Yellow Submarine na All You Need Is Love) ziko tayari kwenye albamu nyingine, kwa hiyo mpya ni nne tu. Toa 9 katika 226, unabaki na 217.

Mitego ya kuhesabu ni minne.

Jalada la mwanzo la Abbey Road halikuutaja wimbo wa Her Majesty. Unaanza baada ya kimya cha sekunde kama 14 baada ya The End, na wenyewe hauzidi nusu dakika. Aliyehesabu kwa kusoma jalada ana 16. Upande wa pili wa mambo, kwenye albamu nyeupe kuna kipande kifupi Paul McCartney akiimba kabla ya Revolution 9, hakina jina na hakihesabiwi. Usikikate kukifanya wimbo wa 31.

Uingereza, Magical Mystery Tour ilitoka kama EP mbili (santuri ndogo zenye nyimbo chache) ndani ya jalada moja, zenye nyimbo sita. Tano zilizoongezwa na Wamarekani ni za singo za 1967: Hello, Goodbye, Strawberry Fields Forever, Penny Lane, Baby You're a Rich Man na All You Need Is Love. Ukiwa na EP peke yake, hizo tano huna.

Mtego mkubwa ni wa mtu mwenye albamu zote na singo zote 22 za Uingereza anayeamini amemaliza. Hajamaliza, anakosa nane. Nne zilitoka kwenye EP ya Juni 1964: Long Tall Sally, I Call Your Name, Slow Down na Matchbox. Mbili ni za Kijerumani, Komm, gib mir deine Hand na Sie liebt dich, zilizorekodiwa Paris Januari 1964. Ya saba ni Bad Boy, iliyorekodiwa 1965 kwa ajili ya soko la Marekani na kufika Uingereza mwishoni mwa 1966 ndani ya albamu ya mkusanyiko. Ya nane ni Across the Universe ya mwanzo, iliyotolewa kwa albamu ya hisani ya wahifadhi wa wanyamapori mwaka 1969. Zote nane zimo Past Masters, na ndiyo maana diski hizo mbili zina thamani kuliko zinavyoonekana.

Hatua ya 3: Jozi nne

Ndani ya zile 217 kuna nyimbo nne zilizotoka mara mbili katika sura tofauti. Ukihesabu kila jozi kama wimbo mmoja, unapata 213, idadi inayotajwa mara nyingi. Ukiona matoleo ya Kijerumani ni nyimbo zile zile, unabaki na 211, ukiunganisha Sgt. Pepper na marudio yake, 210. Ukiunganisha Revolution na Revolution 1, 209. Chagua kanuni yako, iandike juu ya jedwali, usiibadilishe katikati ya kazi.

Jozi zenyewe usizitofautishe kwa jina la faili. Majina hukosewa mno, tumia masikio.

Love Me Do. Septemba 1962 iliimbwa mara mbili: tarehe 4 Ringo Starr akiwa kwenye ngoma, na tarehe 11 Andy White, mpigaji wa kukodiwa, huku Ringo akipewa tari. Kwa hiyo sikiliza tari. Ukilisikia, ni toleo la Andy White, lililo kwenye albamu ya kwanza. Lisipokuwepo, ni la Ringo, lililotoka kwenye singo za mwanzo zenye lebo nyekundu na sasa liko Past Masters. Kanda yake ya asili haipo, hivyo tunachosikia leo kilinakiliwa kutoka kwenye santuri. Ndiyo maana lina ukungu kidogo. Usijaribu kulisafisha. Liko pia toleo la tatu, la Juni 1962 na Pete Best kwenye ngoma, lililotoka 1995 kwenye Anthology 1. Hilo haliingii kwenye 217.

Get Back. Toleo la singo linaonekana limeisha, kisha linarudi tena na mkia mfupi. La albamu ya Let It Be halina mkia. Lina mazungumzo mwanzoni, na mwishoni John anatania kuhusu kufaulu usaili.

Let It Be. Shika solo ya gitaa. Kwenye singo ni laini, sauti yake inazunguka kwa sababu gitaa limepitishwa kwenye spika ya Leslie. Kwenye albamu, iliyoshughulikiwa na mtayarishaji Phil Spector, solo ni nyingine kabisa, kali na ya mbele, na matoazi yana mwangwi mwingi.

Across the Universe. Yenye ndege wanaoruka mwanzoni ni ya hisani, na imeharakishwa kidogo. Yenye okestra na kwaya, nzito na ya polepole, ni ya albamu. Kanda ya msingi ni moja; tofauti ya mwendo imetokana na kubadilisha kasi ya kanda.

Hatua ya 4: Mono au stereo

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo mikusanyo mingi inapoharibika.

Miaka ya 1960 vijana wa Uingereza walisikiliza mono: redio, na vinanda vya santuri vyenye spika moja. Kwa hiyo katika studio za EMI, barabara ya Abbey Road, London, mchanganyo (mix, yaani kusawazisha na kuunganisha sauti zote kuwa rekodi moja) wa mono ndio uliopewa muda, mara nyingi wanamuziki wenyewe wakiwepo. Stereo ilifanywa baadaye, upesi, na aghalabu bila wao. Mafundi hawakufuata daftari la mono hatua kwa hatua, ndipo zikazaliwa tofauti tunazozizungumzia.

Hadi katikati ya Oktoba 1963 walirekodi kwa kanda yenye njia mbili: vyombo njia moja, sauti za waimbaji njia ya pili. Haikukusudiwa iwe stereo. Ilikuwa njia ya kumwezesha fundi kusawazisha waimbaji na vyombo kabla ya kubana vyote kuwa mono. Njia hizo mbili zilipotolewa kama stereo, waimbaji walijikuta sikio moja na gitaa sikio la pili. Ukisikiliza Please Please Me kwa hedifoni na kuona upande mmoja umekufa, waya wako ni mzima. Tarehe 17 Oktoba 1963, kwa wimbo wa I Want to Hold Your Hand, zikaja njia nne. Njia nane zikaja 1968.

Albamu zote hadi ile nyeupe zina mchanganyo halisi wa mono. Mono ya Yellow Submarine ni stereo iliyokunjwa, haina kipya. Abbey Road na Let It Be ni stereo tu. Mtu akikupa mono ya Abbey Road, amekunja stereo mwenyewe.

Ili kujua faili lako ni mono kweli, lifungue Audacity, litenganishe kuwa nyimbo-sauti mbili za kushoto na kulia, zote uziweke mono, chagua moja na utoe amri ya Invert (inayopindua wimbi la sauti), kisha cheza zote mbili kwa pamoja. Zikiuana na kubaki kimya, au mnong'ono hafifu tu, ni mono. Ukisikia wimbo, hata kwa mbali, ni stereo. Usishtuke Love Me Do, P.S. I Love You, She Loves You na I'll Get You zikikaa kimya hata kwenye diski za stereo: kanda zao za vipindi hazikutunzwa, na kwa miongo hazikuwa na stereo ya kweli. Mwaka 2023 mkusanyiko wa 1962–1966 ulitolewa upya ukiwa na michanganyo mipya iliyotumia kompyuta kutenganisha vyombo; hiyo iwekee safu yake.

Jaribio hilo lina upungufu. Linakuambia faili ni mono, halikuambii kama ni mono ya 1967 au stereo iliyokunjwa na mtu jana. Kwa hilo tumia nyimbo hizi za kupimia:

Helter Skelter. Mono ni kama dakika 3 na sekunde 40. Stereo ni dakika 4 na nusu, inazama, inarudi, na mwishoni Ringo anapiga kelele kuhusu malengelenge ya vidole. Mono yenye malengelenge ni bandia. Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote.

She's Leaving Home. Mono iko juu karibu nusu toni na ni fupi kwa sekunde nane au tisa. Ukiwa na kinanda, ipime: mono iko F, stereo iko E.

Please Please Me. Kwenye stereo, beti ya mwisho John anakosea maneno na kicheko kinamponyoka. Mono ni safi.

If I Fell. Kwenye stereo sauti ya Paul inakatika juu kabisa, kwenye wito wa mwisho wa daraja. Kwenye mono haikatiki.

Help! Uimbaji wa John kwenye mono si ule wa stereo. Ni mara nyingine aliyoimba. Linganisha beti ya kwanza mstari kwa mstari.

Blue Jay Way. Stereo ina sauti zilizogeuzwa nyuma-mbele chini ya uimbaji. Mono haina.

Marudio ya Sgt. Pepper. Mono ina Paul akipayuka juu ya makofi mwishoni. Kwenye stereo amezama, karibu humsikii.

I Am the Walrus ni kisa cha peke yake. Walipochanganya mono, Septemba 1967, waliingiza redio moja kwa moja, na BBC ilikuwa inarusha King Lear ya Shakespeare. Redio hiyo haikuwa kwenye kanda ya njia nne. Iliingia ndani ya mchanganyo wa mono tu. Basi stereo ilipohitajika, nusu ya mwisho ililazimika kuchukuliwa kutoka kwenye mono na kupakwa ustereo wa bandia. Ukisikia wimbo umepanuka halafu ghafla umebanwa katikati, ndivyo ulivyo.

Mkanganyiko mwingine unahusu Help! na Rubber Soul. CD za 1987 ziliziweka albamu nne za kwanza katika mono, lakini hizi mbili George Martin alizichanganya upya katika stereo, na toleo la stereo la 9 Septemba 2009 linafuata mchanganyo wake. Stereo ya asili ya 1965 utaipata kwenye sanduku la mono la 2009, imewekwa kama nyongeza kwenye diski za albamu hizo. Ndiyo, stereo ndani ya sanduku la mono. Mtu asiyejua hulipekua sanduku la stereo mpaka achoke.

Ushauri wetu: hadi Sgt. Pepper, fanya mono kuwa msingi na stereo iwe nyongeza. Magical Mystery Tour na albamu nyeupe, weka zote mbili. Kuanzia hapo, stereo. Kuna wanaopenda Revolver ya stereo na hatugombani nao, ila kwa Sgt. Pepper hatulegezi.

Kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, angalia maneno yaliyofuata jina. Palipoandikwa Remastered 2009, mchanganyo haukuguswa na timu ya 2009; kanda imesafishwa na kusawazishwa tu. Palipoandikwa Mix pamoja na mwaka 2017, 2018, 2019, 2021 au 2022, ni kazi mpya ya Giles Martin, mwana wa George, kutoka kwenye kanda za njia nyingi. Nzuri nyingi, lakini si rekodi waliyoisikia watu wa 1967. Kichupa kimoja kisibebe lebo ya kingine.

Hatua ya 5: Kuhamisha kutoka kwenye CD

Tumia programu inayosoma diski kwa uangalifu na kurudia palipo na kasoro, kama Exact Audio Copy. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza sauti. Nyimbo zote 217 ni takriban saa kumi za muziki, na kwa FLAC ya kawaida zinakula kama GB 4. Mono zitakuja ndogo zaidi, maana programu inatambua pande mbili zinafanana. Udogo huo usiufikirie ubovu.

MP3 itakuangusha mahali pamoja mahususi: nyimbo zilizoungana. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Kwenye Help! hutagundua. Kwenye upande wa pili wa Abbey Road, ambapo You Never Give Me Your Money hadi The End zimeshonwa, na mwanzo wa Sgt. Pepper, utasikia mkwaruzo au pengo kwenye kila mshono. Hata kwa FLAC, hakikisha kichezeo chako kimewashwa kucheza bila pengo.

Zima pia ile kanuni ya kusawazisha nguvu ya sauti kwa kila wimbo peke yake. Itapandisha Golden Slumbers na kushusha Carry That Weight, na mshono utaonekana kama kiraka. Chagua kusawazisha kwa albamu nzima.

Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha albamu, kisha M au S, kisha namba ya wimbo: 1966-Revolver-M-14. Jina la wimbo liwe mwisho. Kompyuta hupanga kutoka kushoto, na ukianza na jina la wimbo, matoleo manne ya Love Me Do yatakaa pamoja lakini albamu zitasambaratika.

Hatua ya 6: Mwenye santuri

Namba ya jalada inasema mengi. Kwenye albamu za Parlophone, lebo ya EMI iliyowatoa The Beatles, za Uingereza, PMC ni mono na PCS ni stereo. Please Please Me ni PMC 1202 au PCS 3042. Singo zinaanza na R, kutoka R 4949 hadi R 5833, na namba hizo ziliendelea hata lebo ilipogeuka kuwa tufaha la Apple mwaka 1968. Please Please Me yenye lebo nyeusi na maandishi ya dhahabu ni ya kwanza kabisa. Nyeusi na njano ilifuata mwaka huo huo wa 1963. Ukiona visanduku vya EMI kwenye lebo nyeusi na fedha, ni chapa za 1969 na baada, hata kama jalada linaonekana la zamani.

Geuza santuri chini ya taa na usome eneo tupu karibu na lebo. Chini kuna namba ya matriki, yaani ya mkato wa upande huo, kama XEX 606-1. Kushoto, mahali pa saa tatu asubuhi kwenye uso wa saa, kuna tarakimu: namba ya mama wa chapa. Kulia kuna herufi za muhuri uliochapa santuri. Herufi ni namba zilizofichwa kwa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Kwa hiyo RM ni muhuri wa 24. Hiyo XEX 606-1 ukiikuta kwenye upande wa pili wa Revolver ya mono, usiiuze upesi: ina mchanganyo mwingine wa Tomorrow Never Knows, ulioondolewa mara tu uchapaji ulipoanza. Kadhalika Rubber Soul ya mono yenye XEX 579-1 na 580-1 ilikatwa kwa nguvu kubwa kuliko zilizofuata. Lakini santuri iliyochakaa ni iliyochakaa, hata herufi yake ikiwa G.

Kusafisha: maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kujazia betri au ya duka la dawa, lita moja, na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Futa kwa kufuata mfereji, kamwe si kuukata. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni, simamisha ikauke. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mfereji, nayo hulia kama moto wa kuni. Kwa grisi ya vidole unaweza kuongeza spiriti ya isopropili, sehemu moja kwa nne za maji, kwenye santuri za plastiki pekee. India ilichapa nyimbo za The Beatles kwenye santuri za kasi ya 78, na hizo ni za shelaki: spiriti inaziyeyusha.

Wakati wa kurekodi kwenda kompyuta, weka biti 24 na kHz 96, na kilele cha sauti kisipite dB -6. Uzito wa sindano ufuate alichosema mtengenezaji. Nyingi za kisasa zinataka gramu 1.5 hadi 2, na nyepesi mno huchubua mfereji kuliko nzito kidogo, maana inarukaruka. Santuri ya mono ichezwe na sindano yoyote ya stereo, halafu kwenye Audacity unganisha pande mbili ziwe moja: makelele mengi ya mfereji yako juu-chini, na muziki wa mono uko pembeni, kwa hiyo makelele yatapungua na muziki utabaki. Ondoa mikwaruzo mikubwa kwa mkono. Chombo cha kuondoa mikwaruzo kikiachiwa kazi yote kitakula matoazi na ncha za ngoma, na nyimbo za 1963 zimejaa matoazi na ngoma.

Pima kasi ya mashine kabla, kwa diski ya mistari inayotazamwa chini ya taa. Mashine inayokimbia itakufanya uamini umepata mono ya She's Leaving Home.

Sgt. Pepper ina shughuli mwishoni. Baada ya A Day in the Life kuna sauti kali ya kHz 15, ambayo mbwa huisikia vizuri kuliko mwenye umri mkubwa, kisha mazungumzo ya upuuzi yaliyochongwa kwenye mfereji wa mwisho unaojirudia. Mashine zinazorudisha mkono zenyewe huukosa. Zima huo urejeshaji, acha mfereji uzunguke mara nne au tano, kisha inua sindano. Chapa za kwanza za Marekani hazina mfereji huo.

Hatua ya 7: Folda ya nje

Vilivyobaki vitenge. Rekodi za Hamburg za 1961 nyuma ya mwimbaji Tony Sheridan, usaili wa Decca wa 1 Januari 1962, vipindi vya BBC, Hollywood Bowl, Anthology tatu za 1995 na 1996, Let It Be... Naked ya 2003 na Love ya 2006 ni halali, lakini ukiziingiza kwenye folda kuu hesabu yako itavurugika ndani ya juma moja. Nyimbo tatu zilizokamilishwa na wenzake kutoka kwenye kanda za nyumbani za John baada ya kifo chake, yaani Free as a Bird, Real Love na Now and Then ya Novemba 2023, zipe folda yao ndogo na mwaka wa kutoka, si mwaka wa John kuimba. Baada ya hapo rudi kwenye jedwali, chuja safu ya mono au stereo, na uhakikishe mistari ya folda kuu ukiondoa nyongeza za M na S ni 217. Ikiwa 216, angalia Her Majesty kwanza.